Kadi za Makosa za Netta

Jumatatu, Novemba 4, 1963

Wiki ya sita tangu tumzike Netta. Nimeweka vikombe viwili tena. Kimoja nimekirudisha kabatini.

Barua kutoka chuoni. Dakta Cathcart, mkubwa wake wa kazi, anataka kadi za mke wangu zilizobaki hapa nyumbani, kwa ajili ya kitabu "chetu" kuhusu kumbukumbu ya binadamu. Chetu! Miaka kumi na tisa Netta alinisomea namba tisa kila asubuhi, uji ukipoa. Nikazirudia, naye akaandika kwenye kadi nilichosema. Cathcart hakuwahi kuonja uji wetu.

Jumatano, Novemba 6

Nimekwenda chuoni kuchukua koti lake. Chumba chake cha kazi kimeshapewa mtu. Karani, Bi Rennie, kanipa chai. Nikauliza kadi za pale ziko wapi. Akasema, kwa furaha kabisa, kwamba wamezichambua: za waliopatia ziko kabatini, za waliokosea zimechomwa. Magunia manne.

Nani kaamuru? Dakta.

"Zilikuwa makosa tu, Bwana Lumsden."

Makosa tu! Ndiyo kazi yenyewe! Netta alisema anayepatia amekufungia mlango. Anayekosea ameuacha wazi kidogo — unachungulia akili inavyofanya kazi. Na hatukosei ovyo. Namba za mwanzo na za mwisho zinatulia. Za katikati zinabadilishana viti. Aliyasema haya mezani petu mwaka arobaini na sita, kijiko mkononi, wakati wakubwa pale chuoni wanamcheka.

Sijawahi kumfokea mtu. Leo nimefoka. Bi Rennie akalia, maskini, naye hana kosa. Koti nimelisahau.

Ijumaa, Novemba 8

Hasira haijaniisha.

Sanduku la jikoni lipo. Ndiyo makosa pekee yaliyosalia, na yote ni yangu. Nimeikuta kadi ya wiki aliyofariki mama yangu. Sikupata hata namba moja. Pembeni Netta kaandika kwa penseli: "Asisomewe kesho." Kesho yake hakunisomea. Alinikanda mabega.

Ailsa kapiga simu. Baba, mpe tu yaishe, jina la mama litatajwa. Nikamwuliza binti yangu, litatajwa wapi? Kwenye shukrani, akasema.

Shukrani! Kama aliyewapikia chai!

Jumamosi, Novemba 9

Cathcart kaja mwenyewe, na keki. Eti vitu hivi vimekaa jikoni mno, wao watavipa heshima.

Nikamwambia aketi, kwanza arudie namba tisa.

Akacheka. "Mzee wangu, mimi nimefanya haya nusu ya maisha yangu."

Nikamsomea kama Netta, polepole, bila kupandisha sauti. Nne, saba, moja, tisa, mbili, sita, nane, tatu, tano.

Akazirudia haraka, kidevu juu. Nne, saba, moja, tisa, sita, mbili...

Katikati palepale! Nikaandika alichosema. Jina lake. Tarehe.

Tabasamu likatoweka. "Hiyo haihesabiki. Nje kuna kelele. Itupe, nisomee nyingine."

Nimekuja jikoni, eti kuchemsha maji. Naandika nimesimama, sanduku miguuni. Kadi yake iko mfukoni mwa shati langu. Anagongagonga meza kwa kidole.

Ameita mara ya pili sasa: "Bwana Lumsden! Ile kadi yangu umeichana?"

Birika linapiga mluzi. Sijaliondoa, wala kadi sijaichana.