Kicheko Changu Kwenye Picha ya Kwaya

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Hapa Bariadi hatujambo. Babu yako bado anakohoa, ila pamba tumeshapalilia.

Unauliza kama yule msichana anayecheka kando ya mwalimu wetu wa kwaya, kwenye picha ya maonyesho ya makumbusho huko Mwanza, ni mimi. Ni mimi. Na chini wameandika eti "Mtunzi mkubwa na waimbaji waliompenda."

Mwalimu alitutungia nyimbo za sauti nne, akatuandikia nota kwa mkono, kila mmoja karatasi yake. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa vinanda vya betri vinavyojipigia ngoma vyenyewe. Sisi vijana tukanunua kimoja, tukasema nyimbo zake zinaleta usingizi. Tukapiga kura ya kumwondoa kwa kunyoosha mikono, naye amekaa mbele yetu. Mkono wangu ulitangulia.

Akasema, "Basi tupige picha ya kuagana." Akatupanga mwenyewe kwa sauti zetu, kama kawaida yake, akaniweka karibu naye.

Hakutunga tena mpaka tulipomzika.

Ukirudi huko na wenzako, usiwaonyeshe bibi yako.

Bibi yako, Bariadi