Unga wa Wifi na Unga Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Uji umeiva. Unga wa pakiti ndani, koroga, kunywa kabla haujapoa. Tumbo langu limenguruma hata kikombe sijaosha. Tangu tuanze utafiti huu wa zahanati, wa unga wa kutibu tumbo, sijaruka asubuhi hata moja.

Wifi naye kanywa wake. Kakunja uso utadhani kapewa mwarobaini. Mwantumu ni dada yake mume wangu, Baba Salehe. Alikuja hapa Mnyuzi toka kwake Kwaluguru akiwa amekonda hadi khanga inamzunguka mara mbili. Tumbo linamjaa, choo hakipiti, chakula anakiogopa. Hali maharage. Hali karanga, na amefikia kwangu, muuza karanga! Mimi tumbo linanijaa pia, lakini nina mwili wa kuvumilia. Yeye hana. Anataka jambo moja tu, apate nguvu arudi kwake kutayarisha shamba kabla ya vuli. Nimemwahidi atarudi na mashavu. Nikisema kitu huwa.

Jumatano, 5 Juni

Ushuzi. Daftari ni langu, nitaandika ninavyotaka. Ushuzi mchana, ushuzi jioni. Baba Salehe kahamia barazani na redio yake, anasema ni kwa ajili ya mawimbi.

Mimi nafurahi. Sista Neema, muuguzi wa utafiti, alitueleza toka mwanzo. Unga ni wa aina mbili. Mmoja ni chakula cha bakteria wazuri wanaokaa matumboni, wakishiba nao wanatutengeneza. Siku za mwanzo huleta upepo mwingi. Wa pili ni unga wa kawaida tu, hauna kazi, upo ili walinganishe. Nani kapata upi, hata yeye hajui.

Mimi najua. Tumbo langu limeshasema. La wifi kimya.

Ijumaa, 7 Juni

Nina hasira tangu asubuhi. Hii bahati ya namna gani? Mnene kapewa dawa, mgonjwa kapewa unga wa bure.

Nilimfuata Sista Neema zahanati. Nikamwomba tubadilishane, mimi na wifi. Akacheka, halafu akaona sicheki. "Mama, kila mtu na pakiti zake. Hata kuonja za mwenzio, hapana." Nikaitikia. Kuitikia hakuna kazi.

Lakini kwetu nani anakula huku mwenzake anamtazama? Papai moja hukatwa. Kipande cha samaki hugawanywa hadi mwiba. Leo mimi ninywe dawa peke yangu, na mgonjwa wangu amekaa mkabala anakoroga vumbi? Wasomi wana mambo yao. Sisi tuna yetu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya.

Wembe, beseni, kijiko, mshumaa. Pakiti zote zilizobaki nimezipasua ukingoni, mpasuo mwembamba kama uzi. Unga wote beseni moja. Nikauchanganya kama tunavyochanganya wa mahindi na wa muhogo, taratibu, toka chini kuja juu. Nikagawa kwa kijiko, nikapitisha kingo kwenye moto wa mshumaa, nikabana kwa vidole. Nafunga karanga hivyo tangu Salehe yuko mgongoni. Nailoni niliyoifunga mimi huwezi kujua ilifunguliwa wapi.

Za wifi nikarudisha kwenye boksi lake, zangu kwenye langu. Hajui. Angejua angekataa, wifi anamwogopa Mungu hata kwenye mambo ambayo Mungu hana neno nayo.

Najisikia vizuri sana. Sasa kila mmoja ana nusu. Nusu ya dawa ni dawa.

Alhamisi, 13 Juni

Wifi kajamba!

Alikuwa ameinama anaosha masufuria. Ulitoka mrefu, wenye heshima zake. Akaganda kwa aibu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Akadhani namcheka, machozi yakamlenga, ikabidi nimkumbatie hivyo hivyo na povu mikononi. Sikuweza kumwambia kwa nini nashangilia. Nilisema tu, "Vizuri, wifi. Vizuri sana."

Dawa imefika. Nilisema.

Jumatano, 19 Juni

Sista Neema kaja kupima uzito. Wifi kaongezeka. Si sana, lakini mkanda wa sketi unajua. Juzi alikula ugali na mlenda akaomba tena.

Sista kachukua pakiti tupu, akazitia kwenye mfuko wake. Hakuona kitu. Mshumaa wangu huo.

Wakati anakunywa chai alisema neno. Kwamba majibu yetu, sisi wa huku bondeni na wa Dindira kule juu na wa Handeni, ndiyo yataamua kama unga huu upewe wagonjwa wengine wa tumbo au uachwe. Alisema kwa furaha. Anaamini kila kitu tunachomwambia. Nikamwongezea sukari.

Neno lile linanirudia tangu alipoondoka. Nimelifukuza. Mgonjwa wangu ni mmoja, na anakula ugali.

Jumapili, 23 Juni

Wifi hoi. Tumbo limemkaba tangu alfajiri. Anatapika, anaharisha, sasa na damu. Baba Salehe kaenda kuomba gari ya jirani. Tunampeleka Korogwe.

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Jumatatu, 24 Juni

Hospitali. Wifi kawekewa dripu, macho yameingia ndani, kalala hasikii lolote.

Sista Neema kaja na daktari wa utafiti, kijana mpole mwenye miwani. Daktari wa wodi alitaka kujua wifi anakunywa nini kila siku, asije akahangaika na unga kama hauhusiki, au akauacha kama ndio wenye kosa. Yule wa utafiti akasema ipo ruhusa, mtu akiugua hivi namba yake hufunguliwa kwenye kompyuta, kunaonekana kapewa unga gani. Akaanza kufungua.

Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai mkononi. Nikajua kitakachotoka humo si alichokunywa wifi. Kompyuta itasema unga wa bure, nao wataamini, kumbe nusu ya dawa yangu imo tumboni mwake. Watatibu mtu ambaye hayupo kitandani.

Mficha uchi hazai. Nikasema. Mbele ya Baba Salehe, mbele ya wauguzi, mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeacha kukohoa ili asikie. Nimechanganya. Pakiti zake na zangu, beseni moja. Nikafunga kwa mshumaa.

Sista Neema alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuangalia kama pana nafasi. Daktari hakufoka. Aliuliza tangu lini, kijiko cha aina gani, beseni lilikuwa la kazi gani kabla. Heri angefoka. Halafu akasema, basi inabidi kufungua zote mbili.

Wakafungua.

Wa wifi ndio uliokuwa wa kweli. Wangu ulikuwa unga wa kawaida.

Jumanne, 25 Juni

Ushuzi wangu ulikuwa maharage. Nilikula maharage wiki nzima ile.

Nimempunguzia mgonjwa nusu ya dawa yake nikamjazia unga wa bure. Kwa mapenzi. Kwa mikono yangu hii ninayoisifu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi.

Majibu ya vipimo yametoka. Amiba. Ni ya maji, unga hauhusiki. Nafikiri ni yale maji tuliyochota kisimani bomba lilipokatika. Wameanza kumpa dawa. Daktari kasema ni vizuri nilisema, wasingejua wafuate lipi, waache lipi. Kasema pia kwamba mimi na wifi unga basi. Wataendelea kutupima tu, na majibu yetu yatakaa pembeni, hayatachanganywa na ya wengine. Hakukusudia kunichoma kwa neno hilo. Limenichoma.

Sista Neema leo hakuniamkia. Kila siku ni shikamoo mama hata kama ananiona mara tatu. Leo kapita.

Alhamisi, 27 Juni

Damu imekata. Wifi kaanza kunywa uji. Nikaona bora asikie kwangu kuliko kwa jirani wa kitanda, ambaye ameshasikia yote na anawashwa ulimi.

Nilimweleza wembe, beseni, mshumaa. Nilimweleza kwamba dawa ilikuwa yake. Alisikiliza akiwa ametazama dari.

"Kwa hiyo siku ile ya masufuria ulikuwa unashangilia dawa yangu mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, akashika tumbo, akasema aiii linauma, akaendelea kucheka. Nami nikacheka, kwa woga. Halafu akajifuta machozi.

"Siku nyingine niulize, wifi."

Ningependa angenitukana. Nimezoea kujibu matusi.

Jumamosi, 6 Julai

Nyumbani. Maji yanachemshwa, yote, hata ya kusukutulia. Nimetangaza na hakuna aliyebisha.

Sista Neema kaja na mizani. Shikamoo imerudi, fupi, lakini imerudi. Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani najua. Akasema hata wao hawaruhusiwi kudhani, ndiyo maana wanafichwa. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini. Kama mimi, mtu mzima, tumbo langu mwenyewe limenidanganya, basi yeyote linamdanganya. Nilimfungia karanga za njiani. Akageuza kifuko, akatazama kingo zake kwa makini. Tukatazamana. Akacheka kidogo.

Wifi uzito umeshuka tena kwa ugonjwa ule. Anakula kidogo kidogo. Mashavu bado. Ahadi yangu iko palepale, ila sasa sisemi kwa sauti.

Jumapili, 21 Julai

Wifi anaondoka kesho. Kaamua mwenyewe. Anasema tumbo limetulia kiasi cha kushika jembe, na kwamba Kwaluguru nao wana zahanati. Baba Salehe atamsindikiza.

Mchana tulikaa uani tukichambua karanga za mbegu, za kwenda naye. Nzima huku, zilizovunjika kule. Treni ya mizigo ilipita, tukasubiri imalize.

Nilimuuliza mbegu nimfungie kwa mshumaa au zikae wazi kwenye kiroba. Alitabasamu, akaelewa ninachouliza. Akasema kiroba.

Pembeni palikuwa na ungo wa karanga nilizokaanga asubuhi. Akanyoosha mkono akachukua moja, akaimenya ganda jekundu, akaitia mdomoni. Nilitaka kusema acha, tumbo litakujaa. Alitafuna polepole macho yakiwa kwenye miembe ya jirani. Akachukua ya pili. Halafu akachota kiganja.

Nilisogeza ungo karibu naye, nikaendelea kuchambua.