Aliyesukuma kutoka Nyuma

Nyakatuntu, Karagwe
Novemba 1991

Mwanangu Tetsuo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Migomba imezaa vizuri mwaka huu. Nduguyo Gaudiosus ameoa; mkewe ni Mlutheri, lakini tumemzoea.

Picha yako ya mashindano ya Italia nimeitundika sebuleni. Jirani yangu Rwegoshora aliitazama akauliza, "Huyu Mjapani wenu analipwa mshahara kuendesha baiskeli miaka yote hii, mbona hajawa wa kwanza hata siku moja?" Nikamwambia kazi yako ni kuwabebea wenzako maji na kumkinga mkubwa wenu na upepo, ili yeye ashinde.

Sasa unaniandikia kwamba timu haikutaki tena, na kwamba unaona haya kurudi kwenu mikono mitupu. Kwani umesahau mlima wetu? Ulipokuwa mwalimu hapa, ukikaa kwangu, Gaudiosus alishika usukani wa baiskeli na wewe ukasukuma kutoka nyuma. Njiani watu walimsalimu yeye tu, maana wewe ulifichwa na mikungu ya ndizi. Mlipofika juu, kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mtu wa heshima, nilimpa nani kwanza?

Nimekufungia punje za kahawa hiyo kwenye jani la mgomba, kama siku zile. Kwangu kahawa hii hapewi aliyekwama njiani, hupewa aliyefika. Tafuna wewe kwanza. Huyo mkubwa wenu akitaka, mwambie naye aje asukume.

Mama yako wa huku mlimani,
Placidia Kokuhirwa