Upande Wako wa Kushoto

Baba,

Nimeshindwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Mteja akiingia dukani River Road akaanza habari za mvua, ulimkatiza: "Unataka misumari ama unataka stori?" Basi sina stori. Nimejaribu kuutengeneza uso wako, ule uliokuwa nao mwaka wako wa mwisho, na nimeshindwa.

Duka Mama amelipangisha. Siku hizi linauza vifuniko vya simu, na mpangaji amepaka ukuta rangi ya waridi ambayo ungeitukana kwa Kikuyu. Mama bado yuko hapo Kitisuru, kwenye shamba la Guka, baba yako, majumba yanazidi kutuzunguka. Kiti chako kiko palepale karibu na ukuta. Wageni wakija huona heri wasimame kuliko kukikalia.

Na mimi niliajiriwa, Baba. Ile kazi uliyoiita "kuchonga vichwa vya hewa" ilipata mwenyewe, ghorofa ya tatu huko Westlands. Tunatengeneza watu wa michezo ya kompyuta: wanajeshi, wachuuzi, wazee wa vibarazani ambao mchezaji huwapita mbio bila hata kuwaangalia. Mimi ni wa vichwa tu.

Najua unakumbuka tulivyoanza, lakini acha niseme. Ulikuwa umetoka hospitali baada ya kile kiharusi cha kwanza, mkono wa kushoto hausikii amri, uso nao umelegea upande huohuo, jicho linatiririka bila kilio. Chuoni tulikuwa tumeambiwa tutengeneze kichwa cha mtu halisi, mtu anayepumua. Kilichohitajika ni picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na mtu wa kutulia. Wewe ndiye uliyenitania kwanza: "Mami, umepata mtu hawezi toroka." Hakuna mwingine anayeniita Mami sasa. Jina la mama yako ninalo bado, lakini wa kuniita kwalo kama mama hayupo.

Nilipoinua kamera ulinigeuzia upande wa kulia. "Huku piga. Huku usipige." Hata ile ya mbele uliinamisha uso kidogo kuelekea ukutani, kwa hiyo si ya mbele kamili. Sikubishana. Kusema kweli ilinifaa, maana katika kazi yetu hatujengi kichwa kizima. Unajenga nusu. Unaweka vidoti, unavuta hiki, unasukuma kile, paji, tundu la jicho, pua mpaka katikati, halafu unaiamuru mashine inakili upande wa pili, kama mtu anayekunja shuka, na uso unafunga.

Nikajenga kulia kwako. Sikio lilinitesa, sikio la binadamu ni kitu cha kumfanya Mkristo atukane. Ulikaa kando yangu na chai iliyopoa, unakosoa. "Pua yangu si kubwa hivyo." Ilikuwa kubwa, Baba. Ni kubwa mpaka leo, na ndicho kitu pekee nilichokipata bila shida. Uliiambia hata ile skrini yangu nene kwamba ina kisogo kikubwa kuliko chako.

Siku nilipoiamuru mashine inakili, uso ulifunga. Macho mawili sawa, mdomo umenyooka. Uliangalia kwa muda mrefu, kisha ukasema kwa ile sauti yako mpya iliyokuwa ikitoka polepole: "Huyu amepona." Mama alicheka kutoka jikoni. Nami nikacheka. Wewe hukucheka. Tangu hapo, kila taarifa ya habari ikiisha, ulisema, "Hebu nionyeshe yule jamaa," nami nikakuzungushia kichwa chake kushoto na kulia mpaka utosheke. Nilidhani kinakupa moyo. Labda kilikupa. Labda kilikuwa kinakuumiza kila jioni na mimi nimekaa hapo najivunia sikio. Sitajua, na hilo linanisumbua kuliko unavyoweza kudhani.

Kiharusi cha pili hakikukurudisha. Kule mochari dada yako, Tata Wanjiru, alinisukuma mbele nikuone. Nyuma yangu wakawa wanasema, "Ako tu sawa. Ni kama amelala." Pande zako mbili zilikuwa zimelingana. Mdomo umenyooka. Kifo kilikuwa kimeulegeza na ule upande uliokuwa mzima, hakuna aliyebaki kumvuta mwenzake. Wao waliona uso wako wa zamani umerudi. Mimi niliona kazi yangu. Kilikuwa ni kile kichwa cha kwenye kompyuta, kidoti kwa kidoti.

Tangu siku hiyo sioni kingine. Nikifumba macho nikutafute mezani, anakuja yule jamaa. Nikifungua albamu ya Mama, wewe mwenyewe unaonekana umekosewa.

Kazini mkuu wetu anaitwa Jaspal, kijana wa Kisikh aliyezaliwa Parklands. Wiki ya kwanza aliangalia mzee niliyemtengeneza akatikisa kichwa. "Hii imekufa, Nyambura. Iko sawa sana. Watu hawako sawa, bana. Haribu kidogo." Na ndiyo kazi yenyewe. Ukishalinganisha pande mbili, unarudi kuharibu: nyusi moja ishuke, pembe moja ya mdomo ivutwe, jicho moja liwe dogo. Hapo ndipo kichwa kinaonekana kama kinapumua. Nilienda chooni nikalia, kwa sababu nilielewa kwamba Baba aliyekuwa hai ni yule uliyemgeuza ukutani.

Nikaanza kumtafuta. Nimefungua kichwa chako mara nyingi, nimeuvuta upande wa kushoto chini, nimeurudisha, nimeuvuta tena. Mdomo ulining'inia kiasi gani? Ule mkunjo wa kutoka puani ulifutika, ama ulihama tu? Nilimuuliza Mama, aliyekupangusa mdomo kwa leso kila mlo. Akasema, "Mimi sikuwa naangalia. Nilikuwa napangusa." Nilimuuliza kaka yangu Kamau, akaniambia upande mbovu ulikuwa wa kulia. Wa kulia! Nusura tupigane. Halafu alasiri nzima mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Picha ya upande huo hakuna. Krismasi yako ya mwisho ulijificha nyuma ya bega la Mama. Nimetumia picha za wagonjwa wengine nilizopata kwenye mtandao, zikanitolea wageni waliovaa pua yako. Kitu kimoja tu ninacho: ukicheka, kulia kulipanda na kushoto kukasubiri. Lakini huko ni kusubiri, Baba. Sijui kusubiri kunachongwa vipi.

Sijui pia kama nina ruhusa. Ulisema usipige. Nani nitamuuliza?

Mchungaji alisema kaburini kwamba huko uliko umepewa mwili mpya, mzima, usio na kasoro, na watu wote wakaitika amina. Mimi sikuitika. Nilifikiri: basi hata huko sitakuona. Nitakutana na yule jamaa.

Juzi, kazini, niliufuta upande wako wa kushoto wote. Nikakizungusha kichwa. Vichwa vyetu havina kitu ndani, Baba, ni ngozi tu, nyembamba kuliko karatasi. Nusu ikiondoka unaona hadi ndani ya ile iliyobaki: pua kwa nyuma, tundu la jicho kutoka ndani, shavu kwa upande ule ulikoishi wewe. Nilikaa nikakitazama. Jaspal alikuja akashika mgongo wa kiti changu, akasimama kidogo, akaenda zake. Kinatisha. Lakini ndicho cha kwanza ambacho hakinidanganyi.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakukumbuka. Hilo limeshanishinda, na sina tumaini kwamba litakuja siku nyingine. Ninachokuahidi ni hiki: sitaiamuru mashine ikujaze tena, wala sitaweka hapo shavu la mtu mwingine nikajiambia ni lako.

Kwaheri, Baba. Kulia kwako nitakutunza mimi. Kushoto uliondoka nako.

Mami wako,
Nyambura