Mistari Sita ya Daftari la Nne

Bugembe, Jinja, Jumapili, 3 Agosti

Mpendwa Baba Nambozo,

Kitabu kimetoka. Jalada ni la kijani, na jina lako liko chini ya jina la yule mwanafalsafa wa kule mlimani Wanale, kwa herufi ndogo kama ulivyotaka.

Unakumbuka tulivyofanya kazi? Macho yako yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo mimi nilisoma madaftari yake kwa sauti, nawe ukapiga chapa. Nilitamka hata alama: mkato, nukta, aya mpya. "Ndiyo, afande," ulinijibu, na binti yetu akacheka jikoni. Nilipouliza kwa nini mzee huyo, aliyewaandikia wanajeshi hotuba, asiachwe asahaulike, ulisema, "Tangu vita viishe wengine wanamtukana, wengine wanamsifu, na hakuna aliyemsoma. Tuwape yote, hata machafu."

Ndipo tukafika daftari la nne. Aliandika kwamba waliochukuliwa na askari hapa Jinja walistahili, na watoto wao wasiwalilie. Baba yangu alichukuliwa mwaka huo huo alioyaandika hayo. Nikaliweka daftari mezani.

"Vipi, afande, umelala?"

"Koo limekauka."

"Kunywa chai, basi."

Nikanywa. Kisha nikaruka mistari sita, nikaendelea kusoma. Wewe ukaandika katika utangulizi kwamba hatukuondoa hata neno moja. Nilitaka kukwambia. Kila siku nilisema kesho, mpaka ukafa.

Juzi walikizindua Mbale, kwenye ukumbi mmoja wa Malukhu. Mjukuu wa yule mwanafalsafa alikiinua juu. "Walituambia babu alisifu mauaji! Haya, tafuteni! Ukurasa gani?" Watu wakapiga makofi. Akaja kunishika mikono yote miwili. "Mama, mzee wako ametusafishia jina."

Nikamwambia kuna mistari imebaki katika daftari la nne, lile nililoirudishia familia yao baada ya mazishi yako. Akatabasamu. "Yale madaftari yameliwa na mchwa, mama. Wewe pumzika."

Mchapishaji naye anauliza ushahidi. Sina. Ile mistari nimeikariri, lakini nani ataamini kumbukumbu ya mjane? Nimekufanya mwongo kwa maandishi, na waliomdharau baba yangu nimewapa kitabu kisafi.

Ulinitegemea nisome kila kilichoandikwa, nami mara moja tu sikuweza. Unikumbuke hata hivyo.

Mkeo,
Mama Nambozo