Daftari la Gari la Padri

Saint-Josse, Bruxelles
9 Februari 1997

Na kuhusu swali lako la mwisho, papa, jibu ni ndiyo: ananipenda. Ananipenda hata ninapokoroma! Asubuhi Guylain huamka kabla yangu, anaweka viatu vyangu karibu na chauffage, chuma kinachopasha nyumba joto, ili miguu yangu isishtuke, na mimi hujifanya nimelala ili nimtazame akifanya hivyo. Ni wiki tatu tangu tufunge ndoa, na kila mahali naitwa madame. Posta, madame. Kwa muuza nyama, madame. Mpaka leo nageuka kumtafuta huyo madame ni nani.

Nisamehe, nimeanza kusema kabla ya kusalimu. Unaendeleaje, papa? Kifua chako kinavumilia vumbi la Kigoma? Nisalimie Mzee Radjabu na wote wa dukani kwake. Bila sanduku lake la posta tungekuwa tumepotezana kabisa.

Kanisani tuliacha kiti cha maman wazi. Rolande, jirani yetu wa ghorofa ya juu, alitandika kitenge juu yake ili mtu asikikalie. Unamjua: ni dada yake Séraphin, yule mwashi wa misheni. Yeye naye hana habari za kaka yake tangu vita vilipofika Oktoba. Watu walidhani nalia kwa furaha. Sitakudanganya, furaha nayo ilikuwepo, tele. Ndiyo inayoniumiza. Mtu atafurahije hivi wakati hajui mama yake amelala wapi?

Donc, sikia. Siku ile vita vilipoingia, kabla hujavuka ziwa, wewe ulikuwa bandarini na lori la majeruhi, na Padri Tarcisio akamchukua maman kwenye gari lake, yeye na wengine. Baadaye padri alirudishwa kwao Italia, pande za Siena. Nimemwandikia barua nne kupitia wakubwa wake, hajajibu hata moja. Guylain alitaka fungate yetu twende kutazama bahari Ostende. Nikamwambia: hapana, Siena. Akauliza, "Siena kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna mtu wa mwisho kumwona maman." Ah, mpenzi wangu! Alitoka akarudi na ramani.

Padri aliwahi kukutajia kijiji chake?

Binti yako,
Régine


Kigoma
2 Machi 1997

Mutoto wangu Régine,

Barua imefika. Ilifunguliwa njiani ikafungwa tena, lakini maneno yote yamo. Mimi ni muzima. Kifua kinakohoa, hakijanishinda. Radjabu anawasalimu, anauliza bwana yako anakula ugali ao anakula mukate tu. Nimemujibu: anakula anachopikiwa.

Jina la kijiji silijui. Padri alisema tu kwamba kwenye dirisha la nyumba yao alikuwa anaona mnara wa Siena, ule wa kalenda niliyobandika garage, na kwamba mbele ya nyumba kuna miti mirefu myembamba, imesimama kama miti ya bendera. Ni hayo tu. Itabidi mukodi gari muzunguke.

Gari la kukodi ni mali ya wenyewe. Kabla ya kuliwasha, lizunguke, tazama kila mkwaruzo, andika kilometa zilizopo. Kwenye mteremko usikanyage breki kama unaua nyoka. Punguza gia. Mimi niliandika kilometa miaka dix-neuf, kumi na tisa, na kila aliyepanda. Padri alikuwa ananicheka: "Noé, hata mbuzi unamuandika?" Hata mbuzi. Siku ile, kabla ya kwenda bandarini, nilimuachia ufunguo na daftari langu, nikamuambia: andika vile mimi naandika.

Muulize neno moja tu: maman yako Feza alishuka wapi? Usiniletee kitu kingine cha Italia. Mwezi wa tano huu nalala upande mmoja wa mukeka.

Papa yako,
Noé


Siena
4 Aprili 1997

Papa, papa, papa!

Tuko wazima, na wewe? Kifua? Nimekaa kwenye ngazi za kanisa, Guylain ananishikia wino usimwagike, na mji wote una rangi ya tofali lililotoka kwenye tanuru sasa hivi. Ni ule ule wa kalenda! Mnara ni ule ule! Uwanja wake umeinama kama bakuli, na jana mume wangu alinibusu katikati yake mbele ya watu mia tatu, nami sikuona haya hata kidogo.

Gari ni Fiat ndogo nyeupe. Kilometa 23.417 tulipolichukua, mikwaruzo mitatu, mmoja mlangoni kushoto. Nimeandika. Yule kijana wa kukodisha alimnyooshea Guylain ufunguo. Leseni ya Guylain haijafika mwaka mmoja, hawakubali. Basi akamwambia, "Mimi ni abiria. Dereva ni madame." Kijana alinitazama tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Madame amejifunzia wapi?" Nikasema, "Kwa papa wangu, kwenye uwanja wa misheni, na lori la tani saba." Tangu hapo Guylain ananiita chauffeur. Kwenye mteremko wa kwanza alishika kiti kwa mikono miwili.

"Chauffeur, hili gari lina breki?"

"Linazo, ila papa amekataza."

Tumecheka, papa. Halafu leo mchana nilisimamisha gari pembeni, nikalaza kichwa kwenye usukani, nikalia mpaka honi ikalia pamoja nami. Ile miti mirefu iko mbele ya kila nyumba! Kila nyumba inaona mnara! Siku tatu tunapanda vilima na kushuka, na kila penye msalaba getini Guylain anavua kofia anagonga, anasema "Tarcisio, Zaire, Tarcisio." Jana walituelekeza kwa Tarcisio mmoja mkulima, hajawahi kuvuka hata mto, akatukalisha akatupa jibini na zeituni. Mtu mwema sana. Si yeye.

Gari linarudishwa Jumapili jioni. Zimebaki siku mbili. Mume wangu amelala usingizi begani kwangu hapa kwenye ngazi, mzuri kama mtoto, na mimi nahesabu vilima vilivyobaki.

Mwanao,
Régine


Siena
6 Aprili 1997

Papa yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Kaa kwanza. Mzee Radjabu akae karibu nawe.

Tumempata. Ni nyumba ya mapadri wazee, leo asubuhi, baada ya misa. Padri Tarcisio yuko kwenye kiti cha magurudumu, nusu ya mwili imepooza, na hasemi. Masista wanasema aliletwa hivyo hivyo kutoka kwetu. Aliniona, jicho lake moja likatoa machozi. Halafu kwa mkono ule mzima akafungua droo, akanipa daftari lako. Limevimba kwa maji, lakini linasomeka.

Ukurasa wa mwisho una mwandiko wake. Majina manne: wanawake wawili nisiowajua, kisha Feza, kisha Séraphin. Wale wawili wamepigwa mstari. Maman naye amepigwa mstari, papa. Mstari mmoja ulionyooka katikati ya jina lake. Ni Séraphin peke yake asiye na mstari.

Mimi najua maana ya mstari. Kule Uccle, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, mzee akifariki tunampiga mstari kwenye orodha ya chakula, jikoni wasimpakulie. Nimewapiga mstari wengi kwa mkono wangu.

Pembeni ya wale wawili kuna 31 na 31. Pembeni ya maman kuna 58. Labda ni umri. Maman alikuwa na hamsini na moja! Hata umri wake wamekosea!

Nilipiga magoti nikamwuliza padri, "Maman amekufa?" Akatikisa kichwa. Lakini sista akaniambia kichwa chake kinatikisika hivyo siku nzima, hakijibu.

Nimempigia Rolande simu, nikamwambia kaka yake hana mstari, yu hai. Alipiga kelele, akaangusha simu, nikasikia miguu yake ikicheza sakafuni. Nilifurahi naye. Pia nilimchukia kwa dakika moja, Mungu anisamehe.

Tumerudisha gari. Kilometa 23.829. Nimeandika, sijui kwa nini.

Pole, papa. Ulinituma neno moja, na hili ndilo nililoleta.

Mwanao


Kigoma
27 Aprili 1997

Mutoto wangu,

Barua zako zote mbili zimefika jana pamoja. Nina afya. Futa macho, usome polepole, maana na mimi nimeandika polepole.

Mustari si kifo.

Daftari ni langu na sheria ni yangu. Muntu akipanda, naandika jina. Akishuka, namupiga mustari, na pembeni naweka kilometa aliposhukia, toka misheni. Ndiyo maana jioni nilikuwa najua gari ni tupu. Miaka dix-neuf walinifia garini watu wawili. Hao sikuwapiga mustari, niliwawekea musalaba. Wewe hukujua kwa sababu niliwakataza wote kugusa daftari. Kosa ni langu.

Ile 31, trente-et-un, ni zahanati ya masista. Wale mama wawili walishuka pale. Pale 58, cinquante-huit, hakuna kitu. Hakuna duka, hakuna kanisa. Kuna njia ya miguu inayopanda mulima kwa dada yake Feza. Kila mwezi wa nane nilimushusha hapo. Padri hawezi kupajua. Ni Feza mwenyewe aliyesema: simamisha hapa. Na goti lake lile bovu, akapanda mulima.

Sasa nikuambie nililokuficha. Watu waliovuka ziwa nyuma yangu walisema waliona gari la misheni mtoni, chini ya daraja la chuma, mbele kabisa, kupita hiyo cinquante-huit. Padri walimutoa. Ndani alibaki muntu mmoja amekufa. Hawakujua ni mwanamume ao mwanamuke. Miezi sita namuzika Feza kila siku, bila kukuambia, kwa sababu ulikuwa bibi arusi.

Yule hakuwa Feza. Feza alikuwa ameshuka.

Basi unaelewa aliyebaki ni nani. Muambie Rolande wewe mwenyewe. Usimupigie simu. Panda ngazi kwa miguu yako.

Jumamosi kuna mashua inavuka. Nimo. Usinikataze, barua yako haitanikuta. Kule bado kuna bunduki, najua, lakini nami nazijua njia. Radjabu amenipa daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika abiria wangu wawili, Feza na Régine. Hakuna hata mumoja aliyeshuka bado.

Papa yako,
Noé


Saint-Josse, Bruxelles
11 Mei 1997

Papa yangu, na maman yangu,

Nawasalimu wote wawili, kwa sababu mkono wangu umekataa kumsalimu mmoja. Papa, umefika? Kifua kilipanda ule mlima? Maman, goti lako je? Mnakula? Mzee Radjabu, kama unaifungua wewe barua hii, usiirudishe. Iweke dukani mpaka mwenyewe aje.

Nilipoisoma barua yako nilikimbia na nguo ya ndani mpaka ngazini, Guylain nyuma yangu na koti, "Madame, watu!" Nikamrukia shingoni. Maman aliomba gari lisimame! Maman, ambaye alikuwa anaogopa hata kumwomba padri chumvi! Guylain alinizungusha mpaka tukaangusha taa. Halafu nikakumbuka niko kwenye ngazi gani.

Nilipanda, papa, kama ulivyosema. Juu ya meza ya Rolande kulikuwa na viatu vipya vya kiume, bado vina karatasi ndani, alivinunua duka la mtaa wa Chaussée d'Ixelles kwa ajili ya Séraphin. Nilimweleza yote, mstari, kilometa, mto. Hakukaa.

"Bon. Rudia."

Nikarudia.

"Ulinipigia simu toka Italia kuniambia yu hai."

"Ndiyo, dada Rolande."

"Nikacheza."

"Nilikusikia."

Alitazama sakafu pale alipochezea. Nilitaka anipige. Guylain alikuwa mlangoni na lile koti mkononi, hajui alishike au aliweke. Mwisho Rolande akasema, "Hilo daraja la chuma liko kilometa ngapi?" Sikujua. "Muulize papa yako. Mama yako ana namba. Ndugu yangu naye awe na namba yake."

Basi nakuuliza, papa. Mwandikie Rolande wewe mwenyewe, na umwekee Séraphin msalaba wake daftarini, padri hakuweza.

Nilipogeuka kuondoka aliniita. "Papa yako anavaa ngapi?" Nikasema quarante-deux. "Hivi ni quarante-quatre, vikubwa. Atie karatasi mbele. Huko mlimani atatembea sana." Viatu viko kwenye sanduku langu sasa hivi.

Ndiyo, sanduku. Kazini nimeomba ruhusa, hawakunipa, nikawaambia nitakwenda hivyo hivyo. Guylain anasema hakuoa nusu ya familia. Tarehe ishirini tunapanda ndege mpaka Dar es Salaam, kisha treni mpaka Kigoma. Redio asubuhi inasema hivi, jioni inasema vile, kila mji unaanguka, sijui huko juu kwa dada yake maman kumesalia nini, sijui kama mashua ile ilifika ng'ambo. Sijui kitu chochote, papa. Nampenda mume wangu, nakula, nacheka, na katikati ya kicheko nasikia honi ya ile Fiat.

Kama mmeshuka mlima, tulieni kwa Radjabu, msisogee. Kama hamjashuka, nitakaa kwenye benchi la duka lake nitazame ziwa mpaka mtokee. Na hilo daftari jipya, papa, uwe nalo mfukoni na kalamu ndani yake. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mbele yako, na utanipiga mstari.

Mwanao, abiria wako,
Régine