Darubini Ndiyo Iiname

Akinyi mjukuu wangu,

Sisi hapa Kisumu tuko salama. Babu yako anakohoa lakini anakula, na mafuriko ya Ahero hayakufika kwa shangazi yako.

Sasa huyo aliyekuuzia darubini anasema nyota zinatoka kama mistari kwenye picha zako kwa sababu mikono yako ni mizito? Nimekasirika hadi chai imenipolea mezani.

Nilipoolewa, mpiga picha alinitolea picha yenye gauni jeupe na meno. Uso haukuwepo. Akasema, "Mama, uso wako ni mweusi mno. Ujipake poda." Kumbe alifuata kijitabu cha kamera, kilichoandikwa na watu waliozoea kupiga picha weupe wenzao. Nikavaa gauni tena, nikarudi kitini. "Rekebisha mashine. Uso ni huu huu." Akanung'unika, akafungua lenzi zaidi. Gauni likatoka kama wingu, lakini mimi nilionekana.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba stendi lazima ielekee nyota ya kaskazini, ambayo kwao walioitengeneza iko juu angani. Kwetu hapa ikweta, hata huko Bondo uliko, imelala chini kabisa, na stendi yao haishuki hadi huko. Ndiyo maana ile kamera ndogo ya kufuatilia nyota, uliyoifunga kwenye darubini, inahangaika. Mikono yako ina kosa gani? Fupisha mguu wa upande wa kaskazini, halafu uzito wa mawe uizuie isianguke.

Bondo haihami, Akinyi. Darubini ndiyo iiname.

Dani, nyanya yako